Leso Nyeupe Juu ya Modemu

Sehemu ya tisa

Kila asubuhi Dorcelle alianza na vumbi. Alifuta skrini kwa kipande cha kitenge, akafuta kibodi, akapita kando ya modemu bila kuigusa, kisha akafungua dirisha la uani na kuwasomea watu majina. Kwa miezi minne hakuruka hata siku moja.

Leo hakufika kwenye majina.

Tulimwacha wiki iliyopita na kitambaa hewani. Souris, kipanya cha kompyuta, ilikuwa imelala juu ya meza. Hakuna mkono ulioigusa. Na kwenye skrini, mshale ulikuwa ukitembea wenyewe.

Haukutembea kama kitu kilichopotea. Ulitembea kama mtu anayeijua nyumba. Ulipita juu ya orodha kubwa, ukapita juu ya barua za douane, za forodha, ukasimama kwenye faili lililoletwa jana kutoka Mokambo, mpakani na Zambia.

Faili likafunguka. Dorcelle akaona mwanzo wa mstari mmoja tu: Plamedie, miaka tisa...

Dirisha jekundu likajitupa katikati ya skrini. "Super Bouclier imegundua hatari," lilitangaza kwa Kifaransa cha kujivuna. Mshale ukaenda kwenye neno "quarantaine", yaani karantini. Ukabonyeza.

Faili likatoweka.

Dorcelle alichomeka upya flash aliyoachiwa na dereva Lévi. Tupu! Super Bouclier ilikuwa imeilamba jana ileile, alipoichomeka mara ya kwanza. Wakati huo alikuwa amenakili faili, na kabla hajalisoma, bosi wake Mama Katungu akamtuma douane. Aliondoka mashine ikiwaka. Kosa lake lilikuwa hilo moja, na sasa lilikuwa na jina na miaka tisa.

"Mademoiselle Dorcelle!" Sauti ilitoka nje ya dirisha. "Leo hausome?"

Alikuwa Léonie.

"Nakuya, maman," Dorcelle akajibu. "Mashine iko inaamuka."



Léonie alifika Lubumbashi kutoka Sake, baada ya Goma kuanguka mikononi mwa waasi, na kandambili moja mguuni. Nyingine aliiacha barabarani pamoja na kila kitu, na katika msukosuko ule mkono wa binti yake ukamponyoka. Binti anaitwa Plamedie. Mara mbili tayari walimwita Léonie wakisema Plamedie amepatikana. Mara mbili akakimbia, akamkuta Plamedie wa mtu mwingine. Mara ya pili alianguka pale uani, na ikabidi apepewe kwa kipande cha katoni.

Tangu siku hiyo Dorcelle aliapa: hatalitamka tena jina hilo bila alama yake. Plamedie wa Léonie ana kovu la kuungua na uji, mkono wa kushoto. Nalo kovu, kama lilikuwa limeandikwa, lilikuwa limemezwa pamoja na faili.

Ilikuwa saa mbili kasoro kidogo. Lévi alikuwa amesema wazi kabla ya kuendelea na safari: watoto walioingia Mokambo kwa kuzungukia Zambia, wasipopata mwenyewe kabla ya saa sita leo, watarudishwa ng'ambo, kambini. Simu za Mokambo hazikuwa na réseau, mtandao, tangu juzi. Na kutoka hapa Kampemba, Lubumbashi, mpaka kule ni saa tatu za vumbi, gari isipokwama.

Hesabu ilikuwa rahisi. Saa tatu gari iwe njiani, au Plamedie huyo, awe wa nani, avuke mpaka.

*

Depo ni ya Mama Katungu, mfanyabiashara wa Butembo, mjane, anayeuza sabuni na mafuta kwa jumla. Barabara za mashariki zilipofungwa moja baada ya nyingine, malori yake yaliacha kubeba katoni yakaanza kubeba watu. Nani katoka wapi, anamtafuta nani, ana alama gani: yote yaliingia kwenye kompyuta ya Dorcelle. Majina mia nne na kumi na mawili. Hakuna nakala ya karatasi.

Na ndani ya kompyuta hiyo, wiki tatu sasa, ilikaa programu ya Super Bouclier, yaani Ngao Kuu.

Msomaji, unamjua yule shemeji aliyekuja kwa kilio cha msiba akabaki mpaka Noeli? Super Bouclier ni ndugu yake. Haikualikwa, inakula kumbukumbu yote ya mashine, inafoka. Dorcelle alijaribu kuiondoa mara kumi na saba. Akibonyeza "désinstaller" inamuuliza: "Una uhakika?" Anabonyeza "Oui", ndiyo. "Una uhakika kabisa?" "Oui". Inatoa kasura kadogo kenye machozi: "Tumekukosea nini?" "Oui, oui, oui!" Inaaga. Mashine inazimika, inawaka, na hiyo hapo katikati ya skrini, imeshiba, imenenepa, inasema "Karibu tena".

Aliyeileta ni Vital.

Kadi ya Vital inasema hivi: Ingénieur, Expert International, Cybersécurité, Maintenance, Harusi na Sherehe. Ana simu mbili na viatu vyenye ncha ya kuulia mende kwenye kona. Marehemu mume wa Mama Katungu alikuwa mjomba wake, na kwa udugu huo Vital, anayemwita Mama Katungu "tantine", aliingia deponi bila kubisha, akaweka "ulinzi" kwenye mashine, akaondoka na katoni mbili za sabuni.

Siku tatu baadaye majina yakaanza kupotea.

"Ni pepo," Vital alisema. Naye akamleta anayejua mapepo: Prophète Aaron, nabii wa Naviundu hapo mjini, mwenye chumba cha maombi kandokando ya mto na suti nyeupe isiyojua matope. Aaron aliimwagia kibodi mafuta ya upako. Herufi A inanata mpaka leo. Akapaza sauti: "Kitu kichafu, jitikise!" Na mbele ya macho ya watu thelathini, mshale ukajitikisa wenyewe. Wanawake wakaanguka. Mama Katungu akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

Dorcelle peke yake alikuwa hatazami skrini. Alimtazama Vital kwenye kona, kichwa kimeinama kwa ibada, kidole gumba kikiteleza juu ya simu.

Aliona. Akanyamaza. Baba yake, mwalimu kutoka Kasai, alimfunza kwamba mtoto mwenye adabu hawapingi wakubwa, na Dorcelle alilishika somo hilo kuliko hesabu.

Kabla ya kuondoka, Aaron alitandika leso yake nyeupe juu ya modemu. "Hii lampe ya kijani ni lampe ya baraka," akasema. "Musiizime. Kama mutu anakata huu waya, anakata baraka ya nyumba." Tangu hapo hakuna aliyeigusa. Hata mfagiaji aliinamisha kichwa akipita hapo.

Na kila dimanche, siku ya Jumapili, huko Naviundu, Prophète Aaron aliona maono. Mtoto wa kiume, kaptula ya bluu. Bibi mwenye jino moja. Kila mara ukweli mtupu! Watu walifurika mpaka barabarani. Na kila lundi, Jumatatu yake, majina ya wale walioonwa yalikuwa yameshafutika kwenye orodha ya Dorcelle.

*

"Bonjour, bonjour!" Vital aliingia kabla Dorcelle hajaketi. "Nasikia mashine inasumbua tena?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia mtu yeyote.

Nyuma yake aliingia Mama Katungu, kitenge kimekazwa kiunoni. "Kuko nini tena?"

"Faili ya Mokambo, mama," Dorcelle akasema. "Imeingia mu quarantaine. Lakini haiyapotea. Kama tunaweza..."

"Anasema nini?" Vital aliweka mkono nyuma ya sikio. "Tantine, huyu anaongea na bantu ao anaongea na mende?"

Uani, waliokuwa karibu na dirisha wakacheka. Ni utani wa kila siku. Dorcelle husoma majina kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Vital alibonyeza hiki na kile, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya ndugu wa mgonjwa. "Hii ni attaque, tantine. Attaque ya kiroho na ya kiufundi, byote mbili pamoja. Dawa iko moja: formatage. Tunafuta yote, zéro, mashine inazaliwa upya."

"Na majina?" Mama Katungu akauliza.

"Majina, Prophète atayaona. Yeye haiko na lazima ya ordinateur, ya hii mashine."

Mia nne na kumi na mawili. Dorcelle alimgeukia Mama Katungu. "Mama," alinong'ona, "tusifute. Tafazali."

Mama Katungu alimgusa bega. "Mwanangu, uko mutoto ya masomo na mi nakupendaka. Lakini bintu bya pepo, masomo haibiweze. Ngoja niite Prophète aombee hii kazi."

"Na mi nachukua flash ya formatage mu gari," Vital akasema. "Dakika kumi. Mademoiselle, usiguse kitu, hein? Haiko jeu, haiko muchezo ya batoto."

Wakatoka, mmoja na simu yake, mwingine na ncha za viatu vyake.

Dorcelle alibaki na mashine. Na nje, chini ya dirisha, Léonie akaanza kuimba polepole wimbo wa kanisa ambao huimba akiogopa.

Basi Dorcelle alifanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitegemea. Aliinuka, akasukuma mlango, akaweka komeo.

*

Mshale ulikuwa umeanza kutembea tena.

Sasa ulikuwa juu ya neno "quarantaine", ukitafuta lile swali la mwisho: "Kufuta kabisa?" Dorcelle aliangalia leso nyeupe. Aliangalia taa ya kijani ikikonyeza chini yake. 

"Mungu anisamehe kama ni yako," alisema.

Akaondoa leso. Akachomoa waya.

Mshale ukasimama palepale, nusu sentimita kabla ya "Oui". Umekufa.

Haukupita hata muda wa kumeza mate. Mlango ukapigwa kwa ngumi.

"Dorcelle! Juu ya nini unakata connexion?"

Alikuwa Vital. Mlango umefungwa, dirisha la uani liko upande wa pili, na pazia limeshushwa. Alijuaje?

Dorcelle alitazama mlango, akatazama waya mkononi mwake. Akakumbuka kidole gumba kwenye kona. Jambo ambalo tangu ile siku ya mafuta lilikaa ndani yake kama mfupa wa samaki likateremka lote mara moja, likawa wazi.

"Fungua!" Vital alipiga tena. "Unaharibu baraka ya nyumba!"

Dorcelle alirudi kwenye kibodi. Alizima mashine, akaiwasha, akashikilia kitufe alichofundishwa mwaka wa pili wa masomo ya kompyuta. Wenyewe wanaita mode sans échec. Mashine inaamka na mifupa yake tu: hakuna rangi, hakuna madoido, na wageni wote wanaachwa nje ya geti. Skrini ikaja nyeusi, yenye herufi kubwa mbaya. Dorcelle hakuwahi kuona kitu kizuri kama hicho.

Akaitafuta Super Bouclier. Aliikuta ndani ya folda tatu zilizojificha moja ndani ya nyingine, imelala fofofo. Sasa aliona ujanja wake wote, na ulikuwa ujanja wa kitoto. Ilikuwa imeacha mlinzi mdogo pembeni, ambaye kazi yake ilikuwa moja: akiona bosi ametolewa, amrudishe. Ndiyo maana mara kumi na saba zilikuwa bure. Alimfukuza bosi na kumwacha mlinzi na ufunguo.

Lakini kwanza, quarantaine. Ukifuta programu kabla, inakufa na ilichomeza.

Faili la Mokambo lilikuwa pale, limebadilishwa mkia wa jina ili lisifunguke. Akalirudishia mkia. Akalinakili kwenye flash yake, na orodha kubwa pia. Akaingiza flash mfukoni.

Pembeni kulikuwa na faili jingine dogo, daftari ambalo programu ilijiandikia yenyewe. Mistari ilijirudia, siku kwa siku, saa kwa saa. Fulani ameingia. Fulani amenakili orodha. Fulani amefuta. Na huyo fulani alikuwa na jina lake kamili, kwa kuwa mwenyewe alilipenda mno kulificha: "Téléphone ya Ingénieur Vital, Expert International".

Dorcelle alicheka. Kicheko kidogo, kikavu. Hakujua kama anacho.

Kisha akafuta. Mlinzi kwanza. Halafu amri ya kuamka na mashine. Halafu bosi mwenyewe, na folda zake tatu, na kasura kake ka machozi. Safari hii haikumuuliza kama ana uhakika. Ilikuwa imelala.

Aliwasha mashine upya, na mara hii alihesabu pumzi zake. Skrini ikaja ya bluu, tulivu. Katikati yake hapakuwa na kitu.

Saa tatu kasoro robo. Akafungua faili la Mokambo, akasoma mstari wa kwanza mpaka mwisho. Akausoma tena. Akafungua dirisha.

*

Uani walikuwa watu sitini hivi, wengi wao wamekaa juu ya katoni tupu. Mama Katungu alikuwa akija mbio kutoka getini, Vital akimtangulia, mikono yote hewani.

"Amekata waya, tantine! Ametosha leso ya Prophète juu ya modemu! Nilikuambia huyu mutoto haiko muzima!"

"Dorcelle?" Mama Katungu alisimama. "Uligusa leso?"

Dorcelle alishika kizingiti cha dirisha. "Plamedie," akasoma.

"Sauti, Mademoiselle!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Mende balisha kusikia, sasa siye!"

Watu wakacheka. Léonie hakucheka. Alikuwa ameshasimama.

"Plamedie!" Dorcelle alisema, na sauti ikagonga mabati ya upande wa pili. "Miaka tisa! Anatoka Sake. Iko na alama ya kuungua. Anamutafuta mama yake, Léonie."



Léonie hakulia. Alisogea mpaka dirishani, polepole, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa. "Mukono gani?"

"Wa kushoto, maman."

"Soma tena."

Dorcelle akasoma tena. Léonie alijishika mkono wake mwenyewe wa kushoto, pale juu ya kifundo, akaubana kwa nguvu, kana kwamba kovu liko hapo na linaweza kukimbia.

"Iko Mokambo," Dorcelle akasema. "Saa sita ikifika, batamurudisha Zambia. Gari iende sasa."

Mama Katungu alisahau leso. "Kasonde!" akamwita dereva wake. "Washa Fuso! Léonie, panda mbele. Haraka, maman!"

Injini ikakohoa, ikashika.

"Tantine, ngoja kwanza." Vital alikuwa anatabasamu, lakini jasho lilikuwa limeshaingia kwenye kola. "Unaamini? Huyu ameandika hii jina yeye mwenyewe, hapo ndani, amefunga mulango. Pepo iko inamutumikisha."

"Haikuwa pepo," Dorcelle akasema.

Alisema akiwa ametoka ndani na kusimama mlangoni, waya wa modemu ungali mkononi. 

"Haikuwa pepo, mama. Ilikuwa telefone ya Vital. Kila siku anaingia mu mashine yetu, anachukua majina, anafuta. Mashine iliandika yote. Ata jina yake iko ndani."

Vital alimkaribia, akashusha sauti, sasa akiwa mpole kama dirisha la programu yake. "Mademoiselle Dorcelle. Uko na uhakika?"

"Ndiyo."

"Uhakika kabisa? Mbele ya bantu? Mi nilikukosea nini?"

"Ndiyo," Dorcelle akasema. "Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mara kumi na nane."

Mama Katungu alinyoosha mkono. "Leta telefone."

"Tantine, hii ni vie privée, mambo yangu peke yangu..."

Mama Katungu alianza biashara Butembo kwa kupakia magunia mgongoni. Alimshika Vital kifundo cha mkono, akakikunja kidogo tu, na simu ikaanguka kwenye kiganja chake kama embe bivu. Kwenye kioo kulikuwa na picha ndogo ya kompyuta ya depo, barua za douane, orodha, kila kitu. Juu yake imeandikwa: "Connexion perdue", muunganisho umepotea.

Mama Katungu alisoma mpaka mwisho. Alipoinua uso, alikuwa amezeeka. "Ile siku mshale ulitembea. Nilipiga magoti."

Vital alitazama ncha za viatu vyake.

"Ni weye uliutembeza?"

"Tantine..."

"Vital. Mi nilipiga magoti chini."

Kasonde alibonyeza honi. Léonie, juu kwenye kabini, alikuwa ameshafunga mlango na kuukumbatia. Dorcelle alikimbia, akaweka mguu kwenye ngazi ya Fuso.

Hapo ndipo Vital akacheka. Kicheko cha mtu ambaye amebakiwa na karata moja na hawezi kuvumilia kuificha.

"Muende, muende! Mumalize mafuta ya bure! Mutoto haiko Mokambo."

Léonie aligeuza kichwa.

"Bantu ba Prophète balienda na moto, na pikipiki, tangu jana magaribi. Balisema ni ba famille, balimuchukua. Asubui hii iko Naviundu, analala muzuri, anakula muzuri. Nani alimutesa? Dimanche Prophète atamutosha inje, mbele ya bantu bote, na mama yake atamuona." Alifungua mikono, kana kwamba wao ndio wagumu wa kuelewa. "Kama mama anamuona leo, dimanche itabakia na nini?"



Halafu, kutoka katikati ya uani, manung'uniko yakaanza, na hayakuwa ya kumlaani Vital. Nusu ya wale sitini walikuwa waumini wa Naviundu. Walikuwa na chupa za mafuta ya Aaron mifukoni. Mzee Alphonse, aliyempata mjukuu wake kwa maono ya dimanche mbili zilizopita, alisimama akitetemeka. "Musiguse jina ya Prophète," akasema. "Sema ya Vital. Ya Prophète, hapana."

Na getini wanaume watatu wenye leso nyeupe shingoni, kama ile ya Aaron, walikuwa wameshaanza kusukuma mlango wa chuma ufungwe.

Kasonde alichungulia nje. "Patronne, tunaenda wapi sasa?"

Mama Katungu alifungua mdomo. Alitazama waumini, akatazama simu kiganjani.  Mwanamke aliyevusha malori kwenye vizuizi vya wenye bunduki hakuweza kutoa neno moja dhidi ya mtu mwenye suti nyeupe.

Kwenye kabini Léonie hakumtazama yeyote kati yao. Alimtazama Dorcelle.

Dorcelle alipanda ngazi ya juu kabisa ya Fuso, mahali ambapo hata waliosimama nyuma, hata wale watatu wa getini, wangemwona na kumsikia. Hakuwa amewahi kusimama juu ya watu. Alijaza kifua pumzi.

"Tunaenda Naviundu," alisema. "Prophète Aaron ni mwongo. Nilijua tangu ile siku ya mafuta, na nilinyamaza."